Kiwanja Kikiliwa na Mto, Hati Inabaki ya Nini?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu familia za kandokando ya mto Jamuna, nchini Bangladesh, ambazo huhama mara kwa mara kwa sababu mto unamega kingo zake. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na kadhaa zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Tumechagua chache, tukazifupisha, na kuzijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa swali. Anayetarajia kila barua ipewe mistari sawa atuwie radhi.

Ndugu mhariri, makala yenu ilisema kwamba wanakijiji wa Jamuna huogopa mmomonyoko kuliko mafuriko. Sikushawishika. Mafuriko huua watu, huzoa mifugo na kuleta kipindupindu. Ukingo unaomegeka kidogo kidogo unawezaje kuwa balaa kubwa zaidi? — Msomaji mwenye mashaka

Ukihesabu vifo, uko sahihi: mafuriko huua zaidi. Lakini mafuriko hurudi yalikotoka. Maji yakishapungua, mwenye shamba hulikuta shamba lake palepale, pengine likiwa limefunikwa na tope jipya litakalompa mavuno mazuri msimu unaofuata. Mmomonyoko hauondoi tu kilichojengwa juu ya ardhi, bali huondoa ardhi yenyewe, pamoja na kisima, miembe, makaburi ya wazazi na njia iliyokuwa ikielekea sokoni. Nyumba ikiungua, kiwanja hubaki, na mwenye kiwanja anaweza kukopa au kuanza upya na nguzo nne. Aliyemegewa kiwanja hana mahali pa kusimamisha hata nguzo hizo, wala hana dhamana ya kumwonyesha mkopeshaji. Kwa muda wa wiki chache mkulima mwenye mali hugeuka kibarua, na mara nyingi hageuki tena kuwa mkulima.

Isitoshe, taratibu za misaada zilitungwa kwa kufikiria maafa yanayokuja na kupita. Mfano mzuri uko India. Katika jimbo la Assam, mto Brahmaputra, ambao ukiingia Bangladesh huitwa Jamuna, na matawi yake vimekula takriban hekta 427,000 tangu mwaka 1950, yaani zaidi ya asilimia 7 ya eneo la jimbo zima. Hizo ni hesabu za idara ya maji ya jimbo lenyewe. Hata hivyo, kwa miaka mingi mmomonyoko haukuwamo katika orodha ya kitaifa ya maafa yanayostahili fedha za dharura, kwa hiyo aliyefurikiwa alikuwa na fungu lake na aliyemegewa hakuwa nalo. Ni Tume ya Fedha ya 15, chombo kinachoishauri India kuhusu mgawo wa fedha za serikali, katika mapendekezo yake ya miaka ya 2021 hadi 2026, iliyotaka zitengwe rupia bilioni 10 kwa ajili ya kuwapa makazi mapya watu waliohamishwa na mmomonyoko wa mito na pwani, na rupia bilioni 15 kwa ajili ya kuuzuia. Ukiligawa fungu hilo kwa nchi yenye ukubwa wa India, utaona kwamba halifiki mbali, lakini angalau tatizo limepata jina katika vitabu vya serikali.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini picha nyingi za nyumba zinazoanguka mtoni hupigwa wakati maji yanapungua, na si wakati mto umefurika. Naomba maelezo ninayoweza kuyapeleka darasani.

Mwalimu, wanafunzi wako wana macho makali. Mto unapojaa, maji huingia pia ndani ya ukingo na kuulowesha udongo hadi ukawa mzito. Lakini wakati huohuo maji yaliyo mtoni huuegemea ukingo huo na kuushikilia. Kina kikishuka haraka, egemeo lile huondoka ilhali udongo bado umelowa, na maji yaliyonaswa ndani yake yanasukuma yakitafuta pa kutokea. Hapo ndipo pande zima la ardhi huchomoka na kuteremka.

Kazi kubwa, hata hivyo, huwa imekwisha kufanyika chini, mahali pasipoonekana. Kwenye kona ya mto, mkondo hukimbia kwa nguvu upande wa nje, hujizungusha kuelekea chini, na kuchimba mguu wa ukingo mpaka sehemu ya juu inabaki ikining'inia. Mchanga uliochimbwa husafiri na kutua mahali maji yanapopunguza mwendo, ambako fungu jipya la mchanga huanza kuchomoza. Fungu hilo nalo husukuma mkondo upande mwingine, na kona nyingine huanza kuliwa. Katika mito kama Jamuna, inayogawanyika katika mikondo mingi inayosukana, hakuna hata haja ya kona: mkondo wowote unaweza kuamua mwaka huu kuuegemea ukingo ambao mwaka jana haukuguswa. Kingo zenyewe ni mchanga laini na tope vilivyolala kwa tabaka, bila mfinyanzi wa kutosha kuzishika, na mahali pengine hurudi nyuma kwa mamia ya mita katika mwaka mmoja.

Dalili ya kwanza ambayo wenyeji huitazama ni ufa unaokwenda sambamba na mto, hatua chache kutoka ukingoni. Leo unaingiza kidole; keshokutwa unaingiza mkono mzima. Mwenye nyumba akishaona mkono unaingia, haitishi kikao tena, bali hupanda juu ya paa na kuanza kung'oa misumari. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa mabati yaliyofungwa kwenye fremu za mianzi ili ziweze kuvunjwa, kupakiwa mtumbwini na kusimamishwa kwingine. Miti hukatwa kabla haijaanguka na kuuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnunuzi anajua vizuri kwamba muuzaji hana siku ya kungoja bei bora. Majengo ya tofali ndiyo yasiyo na bahati: mwaka 2018, huko Naria katika wilaya ya Shariatpur, mto Padma ulimega hata sehemu ya hospitali. Wanafunzi wakitaka kipimo, waambie kwamba tangu mwaka 1967 Padma pekee umekula zaidi ya hekta 66,000.

Nimesoma mahali kwamba jiji la Dhaka linajaa watu waliofukuzwa na mito. Je, ndiko wote wanakokwenda? Na kama ndivyo, kwa nini serikali isiwajengee huko huko mjini?

Wapo wanaokwenda mjini, tena wengi. Dhaka una mtaa wa mabanda unaoitwa Bhola Basti, uliopata jina lake kutokana na watu waliotoka kisiwa cha Bhola, kwenye mdomo wa mto Meghna, ambako dhoruba na mmomonyoko vimekuwa vikiwatoa watu kwa vizazi. Lakini picha ya msafara mrefu kutoka ukingoni moja kwa moja hadi jijini inaficha jambo ambalo kila mpangaji wa makazi anapaswa kulijua kwanza: wengi hawaendi mbali. Huhama kilomita chache tu, na wakifukuzwa tena huhama nyingine chache.

Kituo cha kwanza kwa kawaida ni uani kwa ndugu. Ndugu akichoka, au naye akimegewa, familia husogea kwenye tuta la kuzuia mafuriko, kwa kuwa tuta ni ardhi ya serikali, limeinuka, na halina mwenyewe wa kudai kodi. Tuta la ukingo wa kulia wa Brahmaputra, lililojengwa miaka ya 1960 kwa urefu wa kilomita zaidi ya 200, limekuwa kijiji kirefu cha aina hiyo: mstari mmoja wa vibanda, upande mmoja mto, upande mwingine mashamba ya watu wengine. Tuta hilo nalo limemegwa mara nyingi, na kila linapokatika hujengwa jingine nyuma yake, na vibanda hufuata nyuma. Wenye uwezo kidogo hukodi kipande kwa mkulima na kulipa kwa mwaka. Wengine huvuka kwenda kwenye mafungu ya mchanga yaliyoibuka katikati ya mto, yanayoitwa char, ambako majani marefu huota kwanza, kisha karanga, pilipili na mahindi. Visiwa vingi vya namna hiyo havimalizi miaka 10. Si ajabu kumkuta mzee aliyehamisha nyumba yake zaidi ya mara 10 bila kutoka katika wilaya aliyozaliwa.

Kwa nini hawaondoki? Sababu ya kwanza ni kwamba mto unaochukua hurudisha pia, na anayeishi karibu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuliona shamba lake likichomoza. Nyingine ni kwamba muuza duka anayekopesha, shangazi anayelea watoto na tajiri anayetoa kibarua wote wako hapo hapo, na mahusiano hayo ndiyo mali pekee ambayo maji hayakuyachukua. Mwanamume anaweza kwenda mjini kusukuma riksho kwa msimu, akatuma fedha na kurudi wakati wa mavuno; mke, watoto na wazee hubaki. Kwa hiyo kumjengea mtu huyu chumba mjini, mbali na vyote hivyo, ni kumpa paa na kumnyang'anya riziki.

Mradi uliojaribu kuwafuata watu walipo ulikuwa ule wa kuendeleza maisha ya wakazi wa char, uliofadhiliwa na Uingereza na baadaye Australia pia kati ya mwaka 2004 na 2016. Ulikuwa ukiinua viwanja vya udongo hadi sentimita 60 juu ya kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kinachojulikana, na kuzipa familia mali ya kuanzia, mara nyingi ng'ombe. Kiwanja kilichoinuliwa humwokoa mtu na mafuriko, ila hakizuii mto kukila. Wapo waliouona kuwa ni kumwaga fedha mchangani. Mimi naona ng'ombe aliyeweza kuvushwa mtoni pamoja na mabati alikuwa na thamani kuliko jengo lolote lisilohamishika.

Swali langu ni la kisheria. Mtu ana hati ya shamba. Shamba limezama mtoni. Baada ya miaka 12 fungu la mchanga linaibuka mahali palepale. Ni la nani? — Mwanafunzi wa sheria

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yetu, linaamua zaidi kuliko ukuta au msaada wowote ni nani atakayepata makazi mapya na ni nani atakayebaki tutani.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Bengal, eneo lililojumuisha Bangladesh ya leo, ilitungiwa kanuni ya mwaka 1825 kuhusu ardhi inayomegwa na ardhi inayojengwa na mito. Misingi yake ni ya kale na inafanana na ya mataifa mengi. Ardhi inayoongezeka kidogo kidogo kwenye ukingo ni ya mwenye ukingo huo. Mto ukiruka ghafla na kukata kipande cha ardhi bila kukiharibu, kiasi kwamba bado kinatambulika, kipande hubaki mali ya mwenyewe wa zamani, hata kama sasa kiko ng'ambo. Kisiwa kikiibuka katikati ya mto mkubwa, ni cha serikali. Lakini ikiwa mkondo kati ya kisiwa na ukingo unaweza kuvukwa kwa miguu, ni cha mwenye ardhi ya jirani. Unaweza kuona jinsi kipimo hicho kilivyowafurahisha mawakili, kwa kuwa mkondo unaovukika mwezi wa Februari hauvukiki mwezi wa Julai.

Baada ya uhuru, Bangladesh ilibadili mwelekeo. Amri ya mwaka 1972 ilisema kwamba haki ya mwenye ardhi inakufa ardhi ikimegwa, na ikiibuka tena inakuwa ya serikali, ili igawiwe wasio na ardhi. Nia ilikuwa njema: kuwavunja nguvu matajiri waliokuwa wakidai kila fungu lililochomoza. Ila ilimkata pia mkulima mdogo aliyekuwa akisubiri ekari zake mbili. Mwaka 1994 sheria ikageuzwa tena. Sasa haki hudumu kwa miaka 30: ardhi ikiibuka mahali palepale ndani ya muda huo, mwenyewe wa zamani au warithi wake wana madai, ndani ya kikomo cha ukubwa wa ardhi ambayo familia moja inaruhusiwa kumiliki. Kwa hiyo, mwanafunzi wetu, shamba lako la miaka 12 ni la mwenye hati.

Ni lake kwenye karatasi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye ardhi apeleke taarifa ofisi ya ardhi pindi shamba linapomegwa, ili kodi ifutwe na upotevu uandikwe. Maandishi hayo ndiyo yatakayokuwa ushahidi wake siku ardhi itakapoibuka. Sasa mfikirie mtu anayeng'oa mabati huku ufa ukipanuka, kisha mwambie asafiri kwenda ofisini kujaza fomu kuhusu shamba ambalo halipo tena. Halafu fungu linapoibuka halina mpaka, mti wala jiwe la alama. Ni mchanga mtupu, na ramani ya zamani lazima ipandishwe juu ya mto mpya na mpimaji ambaye naye anahitaji kulipwa na kusafirishwa. Katika muda huo wa kungoja, wenye nguvu hawangoji. Fasihi yote ya ardhi ya char imejaa habari za wanaume wenye marungu, wanaoitwa lathiyal, wanaokodiwa na matajiri kulikalia fungu jipya kabla wapimaji hawajafika. Maskini wanaohitaji mahali pa kulala huwekwa mbele kama ngao: huruhusiwa kujenga vibanda kwa sharti la kumtambua tajiri kuwa mwenye ardhi na kumpa sehemu ya mavuno. Ndivyo mto unavyoweza kuwageuza watu kuwa wapangaji katika ardhi ambayo kwa sheria ni yao au ya serikali.

Upo mfano unaoonyesha kwamba jambo hili linaweza kufanyika vizuri zaidi. Katika pwani ya Noakhali, huko huko Bangladesh, kuanzia mwaka 1994, mradi wa maendeleo na makazi ya char uliosaidiwa na Uholanzi, na baadaye na mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, IFAD, ulianza na ardhi kwanza. Wakazi wengi wa mafungu hayo mapya walikuwa watu waliomegewa visiwa vya jirani. Wapimaji walipita kiwanja kwa kiwanja wakiandika nani anaishi wapi, madai yakasikilizwa hadharani mbele ya majirani wanaojua ukweli, kisha hati zikatolewa. Hati huandikwa kwa majina ya mke na mume, na jina la mke hutangulia. Hilo si pambo. Mume anapokuwa mjini kwa miezi, au asiporudi kabisa, mwanamke ambaye jina lake limo katika hati hawezi kuondolewa na shemeji.

Na kama mto wenyewe ndio mpaka wa nchi au mkoa?

Basi mtu anaweza kuhamishwa nchi bila kuinuka kitini. Mwaka 1881 mto Mississippi ulikata njia mpya na kuuacha mji wa Kaskaskia, uliowahi kuwa makao makuu ya jimbo la Illinois, upande wa Missouri. Hadi leo ni kipande cha Illinois kilicho ng'ambo ya mto. Huko Malda, katika jimbo la Bengal Magharibi nchini India, mto Ganga umewamega watu upande mmoja na kujenga mafungu upande wa pili, unaopakana na jimbo la Jharkhand. Waliohamia huko wamejikuta wakibishaniwa ni wa jimbo gani, na kila upande una sababu ya kutowajengea shule. Mafuriko ya mwaka 1864 ya Rio Grande yaliacha mgogoro kati ya Marekani na Meksiko uliomalizwa kwa mkataba wa mwaka 1963, na maelfu ya wakazi wa El Paso wakahamishwa ili mpaka unyooshwe ndani ya mfereji wa zege. Karibu nasi zaidi, Songwe kati ya Tanzania na Malawi na Semliki kati ya Uganda na Kongo ni mito ya mpakani inayobadili njia zake katika tambarare.

Kwa nini wasijenge ukuta imara, mambo yakaisha?

Hujengwa, na penye mji, daraja au kiwanda hufanya kazi. Mbinu ya bei nafuu zaidi siku hizi ni magunia ya kitambaa kigumu yaliyojazwa mchanga, yanayodondoshwa kutoka mashuani hadi yafunike mguu wa ukingo. Juu yake huwekwa matofali ya zege. Lakini ukuta unaookoa mita 1,000 huurusha mkondo mahali pengine, na kijiji kilichoko mbele yake, kule mto unakoteremkia, hujua hivyo. Zaidi ya hayo, mto hauchimbi bila sababu zinazotoka mbali. Tetemeko la Agosti 15, 1950 huko Assam, lenye ukubwa wa 8.6, liliporomosha milima na kujaza Brahmaputra tope na mawe. Sakafu ya mto ikainuka, na mji wa Dibrugarh ukaliwa sehemu kubwa. Bwawa la Farakka, lililoanza kazi mwaka 1975, limekuwa likilaumiwa na wakazi na wataalamu wengi kwa kuusukuma Ganga dhidi ya ukingo wa Malda. Kwenye delta ya mto Mekong, huko Vietnam, tatizo ni kinyume: mabwawa ya juu huzuia tope, wachimbaji huondoa mchanga kwa ajili ya ujenzi, na mto ukikosa mchanga wa kubeba huanza kuuchota kwenye kingo zake. Katika hali hiyo, gunia linalojazwa kwa mchanga uliochimbwa mtoni humo humo ni kichekesho cha gharama kubwa.

Je, kuna kijiji kizima kilichowahi kuhama pamoja, kikabaki kijiji?

Kipo, na historia yake inapaswa kusomwa na kila anayeahidi kuhamisha watu kwa miaka miwili. Newtok ni kijiji cha watu wa Yup'ik, Alaska, kilichokuwa kando ya mto Ninglick. Kizazi cha babu zao kilihama kwa misimu. Shule iliyojengwa na serikali katikati ya karne ya 20 ndiyo iliyowafanya wakae mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa pabaya. Barafu ya ardhini ilipoyeyuka na mto ukakaza kumega, waliamua mwaka 1994 kutafuta mahali pengine. Walipachagua wao wenyewe: Mertarvik, kilomita 15 hivi kutoka walipokuwa, kwenye mwamba mgumu, karibu na sehemu zao za kuwinda na kuvua. Kubadilishana ardhi na serikali kulipitishwa mwaka 2003. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019, na za mwisho ziliondoka mwaka 2024. Hiyo ni miaka 30.

Sababu ya ucheleweshaji haikuwa uvivu wa mtu mmoja. Hapakuwa na ofisi hata moja iliyokuwa na kazi ya kuhamisha kijiji. Kila idara ilikuwa na fungu la barabara, au la nyumba, au la shule, na nyingine hazikuweza kujenga shule mahali pasipo na wakazi, wakati wakazi hawakutaka kuhamia mahali pasipo na shule. Kwa miaka mitano watu waligawanyika kati ya vijiji viwili, na huduma zikagawanyika nao. Hata hivyo wameendelea kuwa kijiji kimoja, na nadhani ni kwa sababu walichagua mahali kabla wengine hawajawachagulia.

Majuli, kisiwa cha mtoni huko Assam, kimekwenda kwa njia nyingine. Kimepoteza zaidi ya nusu ya eneo lake tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kati ya nyumba zake za kitawa, zinazoitwa satra, kadhaa zimehamia bara pamoja na sanamu na vitabu vyake. Satra inapohama, waumini wanaoizunguka huwa na mahali pa kuelekea. Hupata kiini cha kijiji kabla ya kupata kijiji. Mafundi vyungu wa Salmora, kisiwani humo, hawawezi kufanya hivyo kirahisi, kwa kuwa udongo wanaoufinyanga unatoka kwenye ukingo uleule unaoliwa. Anayewapa kiwanja kizuri kilomita 40 kutoka mtoni atakuwa amewapa nyumba na kufunga kazi yao.

Kwa upande mwingine yako makazi ya serikali, kama yale ya mpango wa Asrayan ulioanzishwa Bangladesh mwaka 1997, ambao mwanzoni ulijenga mabanda marefu ya mabati yenye chumba kwa kila familia. Yamewapa paa watu wasio na kitu, na hilo si dogo. Lakini ardhi tupu ambayo serikali inayo mara nyingi ni ileile iliyoibuka mtoni juzi, na baadhi ya makazi hayo yamekwisha kumegwa, wakazi wakarudi tutani. Utabiri ungesaidia hapa: tangu mwaka 2004 wataalamu wa Bangladesh hutumia picha za setilaiti kukadiria mwaka mmoja kabla ni sehemu zipi za Jamuna zitamegwa. Kupima mahali pa makazi mapya kwa ramani hiyo kabla ya kupeleka hata bati moja ni kazi ya wiki chache.

Watu hawa ni wakimbizi?

Kisheria, hapana. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa mwaka 1951 unamhusu anayekimbia mateso na kuvuka mpaka. Mto hautesi kwa sababu ya dini au siasa. Wao ni wakimbizi wa ndani, kwa mujibu wa Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, ambazo zinataja maafa ya asili. Afrika imekwenda mbele zaidi: Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unazifunga nchi zilizouridhia, unataja maafa ya asili na mabadiliko ya tabianchi waziwazi, na kifungu chake cha 11 kinazitaka ziweke utaratibu mwepesi wa kutatua migogoro ya mali ya waliohama. Ugumu uko katika kuhesabiwa. Mafuriko huleta kambi, na kambi huleta daftari. Aliyesogeza nyumba yake mita 300 hadi uani kwa binamu, kisha mita 300 nyingine mwaka unaofuata, haandikwi popote. Ndiyo maana ile fomu ya ofisi ya ardhi tuliyoitaja juu, ikichukuliwa na karani anayekwenda ukingoni badala ya kumngoja mwenye shamba mezani, ingefanya kazi mbili kwa pamoja: kulinda dai la ardhi, na kuweka rekodi kwamba familia hii imehamishwa.